Tulimficha nesi kidonge, nusura tumzike kijana

SIKU ya soko hapa mpakani Mugina huanza kabla ya jogoo kuwika. Malori ya mahindi yanapofika kutoka upande wa Manyovu, anayewahi kushusha ndiye anayewahi kuuza, na anayechelewa hubaki na mzigo wake akihesabu hasara. Ndiyo maana sisi wafanyabiashara tunawapenda sana vijana wa kubeba mizigo wasiochoka. Hatuwaulizi nguvu hizo wanazitoa wapi.

Mimi pia sikuuliza. Mwezi Agosti mwaka 2023 nililipia kosa hilo, na nusura malipo yenyewe yawe roho ya mtu.

Kijana ninayemzungumzia ni mtoto wa mama yangu mdogo. Jina lake naliacha, maana yu hai, ana mke na watoto, na hapa mpakani tunajuana. Sisi wote ni watu wa kurudi. Mimi nilirejea Burundi mwaka 2009 nikitokea kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu. Yeye alirudi nasi, akakimbia tena mwaka 2015, akarejea mwaka 2021. Kama wengi wetu, alirudi na mikono mitupu na mgongo wa kufanyia kazi, basi akawa mchukuzi wa magunia.

Siku hiyo alianza kushusha tangu alfajiri. Ilipofika saa sita mchana nikaona mambo yamebadilika. Alikuwa anasema maneno mengi bila kituo, jasho linamtiririka kana kwamba ametoka kuoga, na taya linamcheza. Mara tatu aliacha gunia chini akakimbilia chooni. Nilipomwambia apumzike akanijibu, "Dada, niache tu, leo nina mwendo." Nilipomtazama machoni, mboni zilikuwa zimepanuka kama za mtu aliye gizani, na jua lilikuwa linawaka.

Nusu saa baadaye alikaa chini mwenyewe. Miguu ikaanza kurukaruka bila yeye kutaka. Mwili ulikuwa moto wa kuunguza kiganja.

Watu wakajaa, na kila mmoja alikuja na ugonjwa wake. Mmoja alisema malaria imempanda kichwani. Mwingine alisema ametupiwa kitu na mwenziwe wa kazi. Mzee mmoja akashauri anyweshwe maziwa ili yakate sumu, nasi tukampa maziwa. Hakuna aliyesema neno kuhusu zile kapsuli ambazo vijana wote wa kushusha mizigo wanazo mfukoni, ingawa sote tuliokuwa pale tulizijua.

Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma yake nimemshikilia, mke wake akifuata na pikipiki ya pili. Tulipofika kituo cha afya nesi aliniuliza swali la kwanza kabisa: "Mama, huyu amemeza kitu gani tangu asubuhi?"

Nikamtazama wifi yangu. Wifi akainamisha uso. Nikajibu, "Hajameza kitu."

Nilidanganya kwa sababu niliogopa. Niliogopa polisi, kwa kuwa kapsuli zile hununuliwa bila cheti cha daktari. Niliogopa pia aibu, watu wasije wakasema ndugu yangu ni mla dawa za kulevya.

Kipimo cha malaria kikatoka, hana malaria. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 40. Kijana alikuwa analia kwa maumivu ya mgongo na misuli, na nesi kwa huruma akaanza kuvuta dawa ya maumivu kwenye bomba la sindano. Hapo ndipo wifi akanivuta kitenge na kuninong'oneza: "Wifi, ile sindano ni ya nini? Mwambie anameza tramadoli. Na zile za kuzuia ndoto zake alikuwa anameza vilevile."

Nikasema kwa sauti. Nesi akasimamisha mkono hewani, akaniangalia, akasema polepole, "Mama, hii iliyomo humu ndiyo tramadoli."

Mguu kama cherehani

Daktari aliitwa mbio. Hakuanza na mashine yoyote. Alimlaza kijana chali, akakunja goti lake kidogo, akasukuma unyayo kuelekea juu kwa ghafla na kuushikilia. Kifundo cha mguu kikaanza kupiga chenyewe, juu, chini, juu, chini, kama kanyagio la cherehani, na hakikuacha. Alipogonga goti kwa ncha ya vidole, mguu ukaruka.

"Malaria haifanyi hivi," akatuambia.

Alitueleza kwamba hali ile inaitwa sindromu ya serotonini. Sindromu ni mkusanyiko wa dalili zinazokuja pamoja. Serotonini nayo ni kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza. Sehemu kubwa yake, kiasi cha asilimia 90, iko kwenye utumbo, na nyingine iko kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako husaidia kupeleka ujumbe wa usingizi, hisia, joto la mwili na mwendo wa misuli. Ikizidi mno, ujumbe unapita kiasi: tumbo linafunguka, jasho linatoka, misuli inakaza na kurukaruka, akili inavurugika na joto linapanda.

Mwaka 2003 madaktari wa Australia walitoa vigezo vinavyoitwa vigezo vya Hunter vya kuitambua hali hiyo, na jambo wanalolitilia mkazo zaidi ni huko kuchezacheza kwa misuli ambako hakuzuiliki. Hakuna kipimo cha damu kinachoionyesha. Daktari hutegemea macho yake, mikono yake, na jibu la kweli kwa swali moja: amemeza nini? Jibu hilo ndilo mimi nililolificha.

Kijana alichomwa diazepamu ili misuli itulie, akawekewa maji ya mshipani, akavuliwa nguo na kupanguswa kwa maji huku akipepewa. Tramadoli ilisimamishwa kabisa. Niliuliza kwa nini hapewi parasetamoli ya kushusha homa. Daktari akasema homa ya malaria inatokana na ubongo kupandisha kipimo cha joto, na hapo parasetamoli hufaa, lakini joto la huyu linatengenezwa na misuli yenyewe inayofanya kazi bila kupumzika. Dawa yake ni kuituliza misuli na kuupoza mwili. Kesho yake jioni alitutambua, na siku ya tatu akaomba uji.

Vidonge viwili vilivyokutana

Nilidhani alizidisha. Siyo. Wifi alihesabu kapsuli zilizobaki, akakuta alikuwa amemeza sita za miligramu 50 tangu alfajiri, yaani miligramu 300. Kipimo cha juu kabisa ambacho madaktari humruhusu mtu mzima kwa siku ni miligramu 400. Kwa hesabu ya karatasi, ndugu yangu hakuvuka mstari.

Kilichomponza kilikuwa kidonge cha pili. Akiwa kambini Tanzania aliandamwa na ndoto za vita na huzuni isiyokwisha, akaandikiwa fluoksetini, kidonge kimoja kila asubuhi. Kilimsaidia. Aliporudi aliendelea nacho, lakini kwa siri, kwa kuwa mitaani dawa hizo huitwa dawa za wazimu. Wiki mbili kabla ya siku ile vilikuwa vimemwishia, akaona haina haja ya kufuata vingine.

"Basi, si alikuwa ameacha?" nikamuuliza daktari.

Akanijibu kwamba fluoksetini haitoki mwilini kama mgeni wa siku moja. Hukaa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, na ndiyo maana madaktari wanaotaka kubadilisha dawa hiyo kwa dawa fulani nyingine husubiri hata wiki tano.

Kisha akatueleza mtego wenyewe. Fluoksetini huzuia serotonini isirudishwe ghalani haraka, hivyo inabaki ikifanya kazi kwa muda mrefu. Tramadoli, ingawa inajulikana kama dawa ya maumivu, nayo hufanya kazi hiyohiyo. Zaidi ya hayo, tramadoli ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa dawa yenye nguvu zaidi ya kuondoa maumivu. Fluoksetini hulizuia ini kufanya mageuzi hayo. Matokeo yake ni kwamba mtu anameza kapsuli na maumivu hayapungui sana, anaongeza nyingine, na nyingine tena. Kumbe ile tramadoli isiyogeuzwa inalundikana, serotonini inapanda, na hatari ya kifafa inapanda pamoja nayo.

Nikakumbuka kuwa ndugu yangu alikuwa akilalamika mara kwa mara: "Hizi kapsuli siku hizi wanaziuza feki, hazifanyi kazi." Pengine hazikuwa feki hata kidogo.

Tunayodanganyana sokoni

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusikiliza, na nimegundua kwamba maneno mengi tunayoambiana kuhusu jambo hili hayana ukweli.

Tunaambiana kwamba kilichotoka duka la dawa hakiwezi kuwa dawa ya kulevya. Tramadoli ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977 na ni dawa halali ya hospitali. Lakini ni ya jamii moja na mofini, mtu huizoea, na mwili ukishaizoea huidai. Afrika Magharibi zimekamatwa kapsuli za miligramu 225 na 250, vipimo ambavyo si vya matibabu ya kawaida. Mtu anameza moja akidhani ni kama ile ya 50, kumbe amemeza zaidi ya nne kwa mpigo. India, ambako shehena nyingi zilitoka, iliiweka tramadoli chini ya sheria ya dawa za kulevya mwaka 2018.

Tunaambiana kwamba ni lazima uzidishe ndipo udhurike. Mfano wa ndugu yangu unatosha. Vipimo viwili vya kawaida vikikutana vinaweza kufanya kile ambacho kimoja peke yake kisingekifanya.

Tunaambiana kwamba mtu anayetetemeka na kuchemka ana malaria, basi apewe dawa ya malaria na alale. Malaria tunayo, na kipimo ni lazima. Lakini tofauti ziko. Serotonini ikizidi, mambo huja kwa kasi, mara nyingi ndani ya saa sita na karibu kila mara ndani ya siku moja tangu kumeza au kuongeza dawa. Mboni hupanuka, tumbo huharisha, na miguu huchezacheza kuliko mikono.

Tunaambiana kuhusu maziwa, maji ya ndimu na kahawa kali. Hakuna hata kimoja kinachoitoa dawa iliyokwisha ingia kwenye damu. Kumnywesha mtu asiye na fahamu nzuri kunaweza kumpalia, na hilo tungeweza kulifanya sisi wenyewe pale sokoni kwa mikono yetu.

Upande mwingine kuna wanaotia chumvi. Si kila dawa ya kulevya huleta sindromu hii. Bangi na pombe si chanzo chake. Heroini vilevile siyo; heroini huua kwa kuzima pumzi. Tramadoli nayo inaweza kuzima pumzi, hasa ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi, na inaweza kuleta kifafa hata kwa mtu asiye na serotonini iliyozidi. Hizo ni hatari tatu tofauti ndani ya kapsuli moja. Iko sindano iitwayo naloksoni ambayo hurudisha pumzi iliyozimwa, lakini haiondoi serotonini iliyozidi wala haikingi kifafa. Kwa ndugu zetu wanaotoka Ulaya, vidonge vya ekstasi vya kwenye madisko humwaga serotonini nyingi kwa mara moja, na mtu anayetumia dawa za huzuni akivichanganya anajitafutia balaa, hasa zile za zamani zinazozuia kimeng'enya cha kuvunja serotonini.

Nimesikia pia kwamba ndizi zina serotonini, kwa hiyo ni hatari. Ni kweli zinayo, lakini serotonini ya chakula haipiti kuingia kwenye ubongo. Kuleni ndizi zenu.

Binti wa New York

Daktari alinisimulia kisa kimoja ambacho baadaye nilikuta kimeandikwa sana. Mnamo Machi 1984, binti wa miaka 18 aitwaye Libby Zion alipelekwa hospitali mjini New York, Marekani, akiwa na homa na mwili unaorukaruka. Alikuwa anatumia fenelzini, dawa ya huzuni ya kundi hilo la zamani. Usiku huo, ili kumtuliza, alichomwa petidini, dawa ya maumivu ambayo haipaswi kabisa kukutana na fenelzini. Alipozidi kuhangaika alifungwa kitandani. Asubuhi joto lake lilifika kiasi cha nyuzi 42 na moyo ukasimama.

Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwandishi wa habari na mwanasheria, akapigana miaka mingi. Mahakamani kulibishaniwa mambo mengi, yakiwemo kama binti alikuwa ametumia kokeini na kama madaktari waliambiwa kila kitu. Ilijulikana pia kwamba madaktari vijana waliomhudumia walikuwa na zamu ndefu na wagonjwa wengi. Mwaka 1989 Jimbo la New York likaweka kanuni ya kuwazuia madaktari wanafunzi kufanya kazi zaidi ya saa 80 kwa wiki.

Niliposikia kisa hicho mwili ulinisisimka. Dawa ya maumivu juu ya dawa ya huzuni, kwa mtu anayetetemeka ambaye hakuna aliyejua vizuri kilichomo mwilini mwake: ndiyo sindano niliyoiona kwa macho yangu, ikiwa tayari imejaa.

Tufanye nini

Kwanza, tuseme. Nesi akiuliza mgonjwa amemeza nini, tuseme yote: ya hospitali, ya dukani, ya mganga, ya mfukoni, na iliyoachwa mwezi uliopita. Kama hujui jina, beba pakiti, hata tupu. Yule nesi hakuita polisi. Aliandika kwenye kitabu chake, akaendelea kumhudumia mgonjwa.

Pili, tuzijue dawa zinazohitaji swali kabla ya kuchanganywa. Ziko dawa za huzuni na za ndoto mbaya kama fluoksetini na amitriptilini. Iko tramadoli na petidini. Ziko dawa za kikohozi zenye dekstrometofani, ambayo jina lake limeandikwa kwenye chupa. Na iko linezolidi, inayotolewa kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Mwenye kutumia mojawapo amwambie muuza dawa kabla hajanunua nyingine. Sisi tunaovuka mpaka tuna hatari zaidi, kwa sababu dawa moja tumeandikiwa Kigoma na nyingine tumeinunua Nyanza-Lac, na hakuna mtu mmoja anayeziona zote.

Tatu, mtu asikimbilie kuacha dawa yake kwa kusoma makala hii. Fluoksetini imewarudishia wengi usingizi, na linezolidi inaokoa maisha. Kuacha ghafla kuna madhara yake. Hata aliyezoea tramadoli kila siku asiikate kwa siku moja bila msaada, maana mwili hugoma kwa maumivu, kuharisha na kukosa usingizi. Aende akaseme, apunguziwe hatua kwa hatua.

Nne, ikitokea, mpoze mgonjwa kwa maji na upepo, mlaze ubavu kama amepatwa na kifafa, usimwekee kijiko mdomoni, usimfunge kamba wala kumkandamiza kwa nguvu kwa sababu mapambano yanaongeza joto. Kisha kimbia hospitali.

Na sisi wenye mizigo tuna letu. Gunia la kilo mia ni la watu wawili, lakini tunalipa la mtu mmoja. Kijana asiyeweza kubeba hatumwiti kesho, na yeye analijua hilo anaponunua kapsuli yake ya kwanza. Mimi sasa nalipa wawili kwa kila gunia. Faida imepungua, sikatai.

Ndugu yangu amerudi kazini, ila hashushi tena. Ananihesabia magunia na kuandika. Fluoksetini yake ameanza tena kwa mpango wa daktari, na mgongo unatibiwa kwa mazoezi na dawa nyingine. Kwenye pochi yangu nina kipande cha karatasi chenye majina ya dawa zake zote, na wifi ana kingine. Juzi mtoto wake alipopata homa tukaenda kituo kilekile, na nesi yuleyule akauliza swali lake lilelile. Wifi alijibu kabla sijafungua mdomo.